Ndama wa Dhahabu Katika Milima Yetu

Tukisikia neno "sanamu", wengi wetu twakumbuka mambo ya zamani: vinyago vya miti, vibanda vya mizimu, pembe zilizotundikwa mlangoni. Twasema, hayo yalikuwa ya babu zetu, sisi tumebatizwa. Twasema hivyo kwa haraka mno.

Wanafunzi wanakijua kisa cha Waisraeli jangwani. Musa alipokawia mlimani, watu walimtaka Haruni awafanyie mungu wa kuonekana kwa macho. Haruni aliwaagiza walete pete za dhahabu zilizokuwa masikioni mwa wake zao na watoto wao, akazifanya ndama. Sisi wenyeji wa Masisi, tunaoishi kwa ng'ombe na jibini, twajua ndama ni kitu gani: hukua, huzaa, hutupa maziwa. Ndama yule hakutoa hata tone moja. Kazi yake ilikuwa kupokea tu. Tena, angalieni, alianza kwa kupokea vilivyokuwa masikioni mwa watoto.

Basi sanamu hutambulikana kwa sadaka inayodai. Tuangalie kwetu.

Mnamo mwaka 2002 watu walianza kuchimba kasiterite, jiwe litoalo bati, huko Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Maelfu walikimbilia huko. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50, wakipita matopeni kwa siku mbili hata kufika barabarani; na huko Kilambo ndege zilitua juu ya barabara yenyewe ili kuyapeleka mawe Goma. Njiani wenye bunduki walitoza ushuru. Kule Rubaya, katika Masisi, jiwe linalotafutwa ni koltani, ambayo hutumika katika simu tunazozishika mikononi. Mvua ikinyesha sana udongo huporomoka, na vijana huzikwa shimoni wangali hai.

Hatusemi kwamba kuchimba ni dhambi. Mungu ndiye aliyeyaweka mawe hayo ardhini, na baba achimbaye ili apate karo ya watoto wake afanya vema. Mambo hugeuka pale shimo linapoanza kuamuru. Mtoto aacha daftari lake na kushika nyundo. Jumapili yafutwa. Mke aliyebaki kijijini hapati habari, na fedha ya jasho la mwezi mzima yaliwa na pombe kwa usiku mmoja. Tena yupo ambaye, kabla ya kushuka, humwendea mganga kutafuta dawa ya bahati, na rozari i shingoni mwake! Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, hakuogopa kuuita uchoyo ibada ya sanamu.

Vivyo hivyo wale vijana walionyunyiziwa maji wakiahidiwa kwamba risasi itageuka maji, ndio Mai-Mai. Akina mama wa Walikale na Masisi wanajua jinsi ahadi hiyo ilivyotimizwa.

Lakini sanamu iliyotugharimu zaidi haikai shimoni wala kwa mganga. Ni kabila. Kabila ni zawadi njema: ndilo lililotupa lugha ya mama, majina yetu na nyimbo za arusi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea hata Masisi. Watu waliobatizwa kwa maji yale yale walikimbiana, nyumba zikachomwa, maelfu wakafa. Yatupasa tukiri kwamba hayo hayakufanywa na wapagani peke yao. Siku ile kila mtu aliulizwa ukoo wake, na jibu likapewa nguvu kuliko ubatizo. Hata leo, wazazi wapenzi, tusikilize maneno tunayoyasema jioni kuhusu jirani, watoto wakiwapo.

Je, mtu aweza kuipa sanamu kisogo katika nchi yetu hii? Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Wafanyabiashara walimletea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa. Alisema kwamba fedha hiyo ingekwisha upesi, lakini watu watakaokila chakula hicho wangepatwa na nini? Chakula kikaharibiwa. Julai 2007 alitekwa nyara, akauawa, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Huyo kijana alizoea kukaa na watoto wa mitaani wa Goma, wale waitwao maibobo, akiwalisha na kuwatafutia njia ya kurudi shuleni. Hakika fedha ile ingaliweza kuwalipia karo wengi wao. Hata hivyo hakuipokea.