Kambale wa Nani?

Siku ya mahari, kabla mbuzi hawajahesabiwa, msemaji wa upande wa binti huuliza: "Huyu ni Kambale wa nani?" Kijana mwenyewe amekaa palepale na suti yake, na nusu ya waliopo wamemwona akikua. Hata hivyo hajibu. Swali hilo ni la wazee wake, na wazee wakibabaika, mbuzi watasubiri.

Asiye Munande anaweza kuliona kuwa mchezo. Kwa Wanande, Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Binti wa kwanza ni Masika. Jina linakwambia mtu alizaliwa wa ngapi. Kwa nani, halisemi. Ita "Kambale!" sokoni Mbau, mashariki mwa Kongo, uone watakaogeuka. Kwa hiyo nyumba hutambulikana kwa masimulizi: babu alitoka kilima gani, alihamia huku akifuata nini, alioa wapi, na kama ukoo ni Batangi, Baswagha au Bashu. Masimulizi hayo ndiyo yanayozuia vijana wa damu moja wasioane bila kujua.

Sasa tazama daftari la komite ya harusi. Kuna mstari wa mavazi, wa gari, wa ukumbi, wa muziki, wa mpiga picha, wa keki. Mstari wa masimulizi haumo. Nadhani hapo ndipo mipango mingi ya harusi ya bei nafuu inapoanza kwenda kombo: tunapunguza gharama bila kujiuliza kwanza harusi ile ina kazi gani.

Kwenye karatasi mpango hupendeza. Watu 40 wakiahidi dola 10 kila mmoja, daftari huonyesha dola 400. Ila ahadi haichemshi chungu. Kuna atakayeleta nusu, kuna atakayeleta wiki ya mwisho, na kuna atakayeleta gunia la mchele badala ya pesa. Komite yenye uzoefu hupanga kwa kilichomo mkononi, na gunia la mchele hulipokea kwa furaha kuliko ahadi ya noti. Wenye likelemba, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, hujipanga mapema zaidi: zamu ya kupokea huwekwa mwezi wa harusi, deni likaepukwa.

Kisha kuna msimu. Nyumba nyingi za Mbau hutegemea kakao, na sherehe husogezwa hadi punje zimeanikwa, zimekauka, zimeuzwa. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri hadi usalama ulipovunjika. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, mtu anaweza kuwa na shamba lililojaa kakao asiweze kulikanyaga, au akafika akakuta limekwishavunwa na wengine. Mahari ya kijana imo msituni, na msitu haufikiki.

Halafu kuna barabara. Mbau iko kilomita kama 20 kaskazini mwa Beni, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 iendayo Oicha na Eringeti. Habari mbaya ikisikika njiani, wajomba wa Butembo hawaji. Familia huhamishia sherehe Beni mjini, na pale uwanja wa nyumbani, uliokuwa bure, hugeuka ukumbi wa kukodi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola nayo ilikuja na masharti yake: kunawa kwenye ndoo mlangoni, kutopeana mikono, kupunguza wageni. Wengi waligundua wakati huo kwamba ndoa hufungika hata watu wakiwa wachache.

Sheria nayo ina lake. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka mahari iwe imetolewa, walau sehemu, ndipo ndoa ifungwe. Neno "sehemu" lina nafuu kubwa kuliko wengi wanavyodhani, tena halipingani na desturi: wazee wetu walikubali mbuzi wachache leo na wengine baadaye, kwa kuwa deni la mahari liliendelea kuzikutanisha nyumba mbili. Anayekopa ili amalize yote siku moja anajibebesha mzigo ambao sheria haikumtwika, wala babu yake.

Basi tupunguze nini? Mara nyingi wanaopunguzwa ni wazee. Kikao chao hubanwa kikawa nusu saa kwa sababu ukumbi unalipiwa kwa saa na giza linakaribia. Keki inabaki, nasaba inakatizwa. Mimi ningefuta ukumbi nikauacha mkeka wanaoketi wazee. Kikao cha wazee kinagharimu pombe ya ndizi iitwayo kasiksi, soda na sombe, yaani majani ya muhogo, na hakuna kinachoweza kununuliwa baadaye kujaza nafasi yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbau imetufundisha kwamba hata daftari hupotea. Watu waliokimbia usiku waliacha albamu za picha na vyeti vya ndoa ndani ya nyumba, na nyumba nyingine zikachomwa. Hata walinzi wa kumbukumbu, kama mapadri, huondolewa: tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri watatu Waasumpsio wa parokia ya Mbau, Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Kisughu, walitekwa, wala hawajarudi.

Kwa hiyo kazi ya kutunza masimulizi isikabidhiwe mtu mmoja, simu moja wala kabati moja. Siku ya mahari wazee wote wamekaa pamoja, na wanasema kwa uangalifu kwa kuwa upande wa pili unasikiliza na utawasahihisha. Kila upande uteue kijana mmoja arekodi kwa simu. Sauti zinakiliwe kwenye kadi tatu: moja kwa wakwe, moja kwa wazazi wa bwana harusi, moja kwa ndugu aishiye mbali na Mbau. Kisha mtoto mmoja ajifunze kuitaja nasaba kwa kinywa chake, maana kinywa hakiachwi nyuma watu wanapokimbia.

Na kikao cha mkekani kina pengo. Kinauliza Kambale ni wa nani, na jibu hupanda kwa baba, babu, baba wa babu. Mama aliyembeba mgongoni kutoka kijiji hadi kijiji hatajwi. Habari zake wanazo shangazi na mama wakubwa, nao saa hiyo wako jikoni wanageuza sombe na kucheka. Simu moja ibaki mkekani. Nyingine ipelekwe jikoni.