Msitu wa Rungwe Husomwa Kuanzia Chini

Ukitoka Tukuyu kwenda Mbeya, mlima Rungwe unakuwa mkono wako wa kulia, na kwa mbali msitu wake huonekana mmoja tu. Mazoea ni kuugawa kwa urefu kutoka usawa wa bahari: miti mirefu, mianzi, kisha vichaka vya Erica na nyasi kuelekea kilele cha mita 2,960 hivi. Mgawanyo huo si wa uongo, ila haumsaidii anayetaka kujua apande mti gani, na wapi.

Anza na umbo la ardhi. Pepo zenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, zikagonga miteremko ya kusini-mashariki na kumwaga mvua inayoweza kufika milimita 3,000 kwa mwaka. Upande wa Isongole, ulio mgongoni mwa mlima, hupata pungufu. Kwa hiyo sehemu mbili zenye mita 2,000 zilezile zinaweza kubeba misitu miwili tofauti. Hata kilima na korongo vinavyopakana havifanani: juu maji hukimbia na upepo hudumaza miti, chini udongo hujilundika na ukungu hukawia.

Kisha chukua jembe. Udongo wa Rungwe ni majivu ya volkano yaliyooza: mweusi, mwepesi, na ukiuminya ukiwa na unyevu hutelezateleza vidoleni. Hutunza maji mengi, lakini hung'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mizizi huipata kwa shida. Wakulima wa viazi wanaijua tabia hiyo bila kuhitaji maabara. Ukizidi kuchimba unaweza kukuta tabaka la vijiwe vyepesi vyenye vitundu, masalia ya mlipuko mkubwa wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kina cha tabaka hilo si jambo dogo, maana likiwa karibu na uso maji hupenya upesi na kuiacha mizizi mifupi na kiu. Na huko Kiejo, volkano jirani, lava iliyotiririka kama miaka 200 iliyopita bado haijajifanyia udongo wa maana.

Mimea ndiyo inayoonekana kwanza, lakini mimi huiuliza mwisho. Kabla Rungwe haijawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, watu walikata mbao na kuchoma mkaa humo kwa muda mrefu. Panapojaa Macaranga, mti unaowahi kuota palipofyekwa, mara nyingi unachosoma ni historia ya shoka. Tazama pia miche iliyo kivulini. Hiyo ndiyo inayotaja msitu unaokuja.

Haya yana kazi ya haraka Bujingijila, ukanda mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone ulioko Kitulo. Kipunji, nyani aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, anaishi pande zote mbili, na ukanda ukikatika makundi yatatengana. Tukitaka kuuziba kwa kupanda miti, misindano ingeota pale bila matata, lakini kipunji anahitaji msitu wenye matunda na majani ya aina nyingi. Afadhali kutafuta, ndani ya hifadhi, mahali penye mteremko, mwelekeo na udongo kama wa Bujingijila ambapo miti ya asili bado imesimama, na kukusanya hapo mbegu za kupanda ukandani.