Prosesa Bila Kumbukumbu ya Jirani

Mwaka 2004, NASA ilisimika kompyuta kuu iitwayo Columbia katika kituo chake cha Ames, California. Ilikuwa na mashine 20 za kampuni ya SGI, kila mashine na prosesa zake 512. Watafiti wengi wakishirikiana kutumia mashine ya namna hiyo, kabla ya kuuliza kasi itabidi waulizane nani akae wapi.

Na mahali pa kukaa si prosesa tu. Katika mashine kubwa kumbukumbu haiwekwi pamoja. Imekatwa vipande, kila kipande kikiwa jirani na prosesa zake. Prosesa inaweza kusoma kipande chochote, ila cha mbali huchelewa. Mama lishe mwenye jiko Kariakoo na gunia la unga Mbagala atasonga ugali, lakini wateja watakuwa wamekwisha kuondoka.

Linux, mfumo endeshi wa mashine za namna hii, ilikuwa tayari na njia ya kuifunga kazi moja kwenye prosesa fulani. Lakini programu ya hesabu huzaa kazi nyingine, nazo huzaa nyingine, na hakuna msimamizi awezaye kuzikimbilia moja moja. Paul Jackson wa SGI na Simon Derr wa Bull, kampuni ya Ufaransa, wakaandika utaratibu uitwao cpuset, ulioingia Linux toleo la 2.6.12 mwaka 2005. Kinachopewa haki hapa ni kundi: lina orodha ya prosesa, orodha ya vipande vya kumbukumbu, na kazi zilizomo. Kazi ikizaa, mtoto huzaliwa ndani ya kundi la mzazi. Kundi laweza kuwa na makundi madogo chini yake, ila dogo halipewi prosesa ambayo kubwa halina.

Mimi naona uzuri wake wote uko katika kuziweka orodha hizo mbili pamoja, na ndipo watu hujikwaa. Katika cpuset ya awali kundi jipya huanza tupu. Ukilijazia prosesa ukasahau kumbukumbu, kisha ukaingiza kazi, Linux hukataa na kukujibu kwamba kifaa hakina nafasi. Mtu huenda kusafisha diski, wakati diski haina kosa lolote! Kingine katika cpuset hiyo ya awali: ukiihamishia kazi kundi jingine, kumbukumbu ambayo imekwisha kuichukua hubaki kulekule kwa zamani mpaka uagize nayo ihamishwe.

Wazo la kundi lilikua. Wahandisi wa Google walilipanua likawa cgroup, iliyoingia Linux 2.6.24 Januari 2008, na kontena za programu za leo zimesimama juu yake.

Simu ya Android nayo hutumia cpuset. Programu iliyo mbele ya macho yako huwekwa kundi linaloruhusiwa prosesa zenye nguvu. Ukiiacha ikarudi nyuma, huhamishiwa kundi ambalo kwa kawaida hubanwa kwenye zile ndogo zisizokula chaji. Huko kumbukumbu ni kipande kimoja, kwa hiyo umbali haupo.

Kwenye seva yenye soketi mbili za prosesa, umbali upo. Fungua faili /proc/N/status, N ikiwa namba ya programu yako inayoendeshwa, utafute mistari miwili, Cpus_allowed_list na Mems_allowed_list. Programu ikiwa nzito bila sababu, anza na huo wa pili.