Tangi la Kioo la Vifaranga: Sawazisha Stendi Kabla ya Kujaza Maji

Vijana wengi mnaouza vifaranga vya kambale na sato, au samaki wa mapambo, mnaanzia nyumbani. Chumba kimoja cha uani, tangi kubwa la kioo, pampu ya hewa, umeme wa kuunga na ekstensheni. Hakuna ubaya, mtaji mdogo ndivyo unavyoanza. Ila nikiingia kwenye vyumba hivyo, kabla sijatazama samaki natazama mstari wa maji kwenye kioo. Maji yakitulia hulala sawa siku zote. Ukiona yamepanda upande mmoja, ujue tangi ndilo lililoinama.

Tupige hesabu kwanza. Tangi la urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 60 linabeba lita 450. Hizo ni kilo 450 za maji peke yake. Kioo cha milimita 10 kinaongeza karibu kilo 80. Yaani umeweka zaidi ya mifuko 10 ya saruji juu ya miguu minne, na kinachoshikilia vioo visiachane ni silikoni tu. Likiachia usiku, vifaranga wa oda nzima wako sakafuni, na maji yanaifuata ekstensheni.

Sasa hapa ndipo wengi mnachanganya mambo mawili. Kuinama ni tangi zima kulala upande mmoja. Kupinda ni pembe moja kuwa juu au chini wakati nyingine tatu ziko sawa. Kuinama kidogo hakupendezi, lakini maji yakizidi sentimita moja ya kina upande mmoja, msukumo unaongezeka kidogo tu. Kupinda ndiko kunakopasua. Kioo hakikunjiki kama ubao. Kikikosa pa kuegemea kwenye pembe moja, mzigo wote unahamia kwenye kioo cha chini na kwenye maungio. Mimi kuinama kwa milimita 3 kwenye urefu wa 150 navumilia. Kupinda sivumilii.

Kwa hiyo anza na stendi tupu, pale pale itakapokaa. Sakafu nyingi za uani zimemwagwa zikiwa na mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, kwa hiyo usiiamini kwa macho. Weka pima maji juu ya fremu, pande zote nne. Kama pima maji yako ni fupi, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaopimia msingi. Ujaze maji, toa mapovu yote, shika ncha moja kila pembe: maji kwenye ncha mbili yatakuwa kimo kimoja.

Kisha pima kupinda kwa nyuzi mbili. Funga uzi kutoka pembe hadi pembe, mwingine ukatishe juu yake, uvute vizuri. Zikutane kwa kugusana tu. Zikiachana katikati, au moja ikiikandamiza nyenzake, fremu imepinda. Stendi za kuchomelea kwa haraka ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu. Mrudishie fundi, usione aibu.

Penye upungufu, weka vipande vya chuma bapa au plastiki ngumu chini ya mguu wa stendi, vienee mguu mzima. Usitumie mbao, ikilowa inavimba halafu inaoza. Na kamwe usichomeke kipande kati ya tangi na stendi. Hapo unatengeneza ncha moja inayobeba kila kitu, na kioo kitakujibu. Tangi ambalo kioo chake cha chini kinakaa moja kwa moja kwenye stendi liwekee plaiwudi nene iliyonyooka, kisha foamu ngumu ile nyeupe ya kwenye maboksi ya tivii, sentimita moja hivi. Foamu inameza vichembe vya mchanga, haisahihishi stendi mbovu. Tangi lenye fremu ya plastiki chini halihitaji foamu.

Jaza robo, pima. Nusu, pima. Chukua rula, pima kutoka ukingo wa juu hadi usoni pa maji kwenye pembe zote nne ukizunguka. Jumlisha ya kwanza na ya tatu, halafu ya pili na ya nne. Ukipata 40, 44, 44 na 40, jumla ni 84 na 84: tangi limeinama tu. Ukipata 40, 44, 40 na 43, jumla ni 80 na 87: limepinda, acha kujaza hapo hapo.

Kurekebisha ni kutoa maji yote kwanza. Nimeona vijana wanaingiza mtaimbo chini ya stendi yenye tangi lililojaa, eti wanainua kidogo tu. Ukiinua pembe moja ndiyo unapinda kwa mikono yako.

Likijaa, liache saa 24 bila samaki, kisha rudia vipimo. Namba zikibadilika, sakafu inatitia chini ya mguu. Toa maji, weka bamba pana la chuma chini ya kila mguu, uanze upya. Zikibaki zile zile, washa pampu. Ekstensheni itundike ukutani, na waya wake ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.