Chuo cha Nyumbani Kamukuywa

Wahenga walituambia kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walakini hawakutuambia la kufanya pale mtoto anapokua katika elimu upesi kuliko wale wanaomlea na wanaomsomesha. Swali hilo ndilo lililonitoa Mombasa mwezi wa Agosti 2022, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi, nikapanda basi hadi Webuye, nikashika njia ya Kitale, nikapita Lugulu na Misikhu, nikashuka Kamukuywa.

Aliyeniita ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ameolewa na mfanyabiashara wa mahindi mwenye asili ya Mumias. Alinipigia simu usiku akaniambia, "Mjomba, njoo utuamulie. Baba yake anataka kumtoa mtoto shuleni amsomeshe hapa nyumbani, nami sijui nikubali au nikatae."

Nilifika asubuhi ya baridi. Mahindi yalikuwa yamesimama marefu pande zote za barabara, na mlima Elgon umejifunika wingu. Kwa kuwa ulikuwa mwaka wa jando, na Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawika kwa mbili, vijana walipita barabarani wakipiga njuga zao za chuma, umati ukiwafuata kwa nyimbo. Nikajisemea kwamba hapa napo pana chuo kisicho na darasa, chenye wakati wake, walimu wake na mtihani wake wa mbele za watu.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja. Hesabu za kidato chake alikuwa amezimaliza zamani, naye yuko katika vitabu vya kidato cha nne, anapekua mlango wa kalkulasi kama mwingine anavyopekua gazeti. Siku moja mwalimu alimkuta na kitabu hicho darasani, akamwamuru akifunge, akamwambia asitangulie wenzake. Tangu siku hiyo akawa hanyanyui mkono, wala nyumbani hazungumzi habari za shule. Baba yake aliliona hilo na likamuuma. Mzazi akiona taa ya mwanawe inafifia, hawezi kulala.

Basi yule bwana alikuwa amejitayarisha. Alimwagiza seremala ubao mweusi, akanunua vitabu Kitale, akaandika mtaala mzima katika daftari la mauzo ya mahindi. Alinifungulia akanisomea: alfajiri Hesabu, asubuhi Fizikia, adhuhuri Kemia, alasiri Hesabu tena, jioni Kiingereza. Na mwisho wa daftari ameandika kwa wino mwekundu: UHANDISI, CHUO KIKUU.

Nikamuuliza, "Na Kiswahili je?"

Akacheka. "Mjomba, Kiswahili si anakizungumza?"

Nikamwambia, "Hata samaki anaogelea, lakini hajui kueleza bahari." Wakati ule Kiswahili, Kiingereza na Hesabu yalikuwa masomo ya lazima kwa kila mtahiniwa wa cheti cha sekondari cha Kenya, yaani KCSE. Kiswahili chenyewe kina karatasi tatu: Insha, Lugha, na Fasihi. Tena mtahiniwa hana budi kufanya masomo yasiyopungua saba, na ratiba ya yule bwana ilikuwa na manne. Alikuwa amejenga nyumba nzuri yenye vyumba vinne mahali panapotakiwa saba.

Nikamwambia tuanze upya, na tuanzie mwisho. Anayesafiri huuliza kwanza aendako, ndipo akate tikiti. Kijana wa Kenya anayetaka shahada alihitaji wastani wa C+ au zaidi, na kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa peke yake. Uhandisi unadai Hesabu, Fizikia na Kemia. Udaktari hauachi Biolojia na Kemia. Tukaandika hayo katika ukurasa wa mwisho, tukarudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka tukafika siku ile tuliyokuwa tumekaa. Kazi hiyo ilituchukua kutwa nzima na birika mbili za chai.

Tukiwa katikati tukagonga mwamba. Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja ina karatasi ya tatu, nayo ni ya vitendo. Mtahiniwa hupewa vyombo na dawa, apime, achanganye, aandike alichokiona. Nikamuuliza mwenyeji wangu, "Bureti na pipeti utazipata wapi? Na asidi utaiweka wapi, kabatini pamoja na sukari?" Akanyamaza. Mtahiniwa wa kibinafsi anaweza kuandikishwa katika kituo kilichoidhinishwa, lakini mkono usiowahi kushika bureti hauwezi kuizoea asubuhi ya mtihani.

Mwamba wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, nao ni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kuhakikisha kwamba mwanawe aliye chini ya miaka kumi na minane anahudhuria shule. Anayekaidi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wala si maandishi ya kutishia tu. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa huku huku Magharibi alishitakiwa kwa kuwasomesha wanawe nyumbani, shauri likafika Mahakama Kuu, na Mahakama ikasimama na sheria. Wako wazazi wanaoiona sheria hiyo kuwa kali, na wana haki ya kuitetea hoja yao mbele ya Bunge na mahakama. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita asifanywe ngao katika vita vya wakubwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi wakubwa tulikuwa tumekaa kutwa nzima tukigawa masaa ya mtu ambaye hatujamwuliza neno. Nikamwita. Alikuja akakaa mkekani karibu na mama yake, akainamisha kichwa.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "wewe wataka nini?"

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Babu, mimi sitaki kutoka shule. Rafiki zangu wako kule. Nataka niruhusiwe kwenda mbele tu."

Baba yake akamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Msomaji mpenzi, maneno hayo yalinirudisha chuoni kwetu, miaka zaidi ya arubaini iliyopita. Sisi tuliosoma Kurani katika vyuo vya mitaani twakumbuka: hapakuwa na kidato cha kwanza wala cha pili. Kila mtoto alikuwa na mahali pake. Huyu yuko katika alifu, yule katika Juzuu Amma, na mwingine amekwisha kuvuka nusu ya msahafu, nao wote wamekaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja. Mwepesi hakuambiwa afunge ubao wake angoje wenzake. Alisikilizwa alichohifadhi, akapewa cha mbele, kisha mwalimu akamwambia, "Nenda ukamsomeshe fulani." Mimi nilikuwa fulani huyo. Aliyenisomesha alikuwa mtoto wa umri wangu, na mpaka leo simwoni kuwa alinitangulia bali kuwa alinishika mkono.

Chuo kile kilikuwa na mambo matatu yanayomfaa mtoto mwenye kipaji popote alipo. La kwanza ni mwendo wake mwenyewe. La pili ni wenzake, asije akakua kama mti wa chunguni. La tatu ni mlango wa kutokea, kwani aliyehitimu alisimamishwa mbele ya mwenye elimu inayojulikana, akasikilizwa, akakubaliwa. Daftari la Kamukuywa lilikuwa na la kwanza peke yake.

Wala tusidhani kwamba elimu ya nyumbani ni bidhaa iliyokuja kwa meli. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, naye mgonjwa, ili amwachie binti yake mafunzo ya maisha. Huo ulikuwa mtaala, tena uliotungwa na mama kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, na leo vyuo vikuu vinausoma.

Na tukitaka kujua hatari ya kuusahau mlango, tumwangalie marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933. Nyumba yao ilikuwa ya elimu, kwani baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Walakini mtihani wa Cambridge alipita kwa daraja la tatu, na kwa daraja hilo Makerere haikumchukua. Akawa karani. Lau si hotuba aliyoitoa katika Maulidi, Gavana Philip Mitchell akiwapo akaisikia, pengine angezeekea mezani akipanga mafaili. Alipata msaada wa kwenda kusoma Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Kisha akawa profesa pale pale Makerere palipomkataa. Kisa hiki hutufurahisha kukisimulia, lakini chatuonya pia. Kipaji kilikuwako tangu mwanzo, ila karatasi haikukiona. Na si kila mtoto hupata Gavana wa kumsikiliza siku ya Maulidi.

Basi tulilifuta daftari tukaandika jingine. Mtoto atabaki shuleni, na nyumbani patakuwa na chuo chake. Baada ya Sala ya Alfajiri, saa moja ya Hesabu kwa mwendo wake mwenyewe, bila ya mtu kumwambia funga kitabu. Jioni, siku moja Kiswahili na siku ya pili Kiingereza, insha moja kila juma, isomwe na mtu asiye mzazi wake. Insha za Kiswahili nilizichukua mimi, zikawa zinanifikia Mombasa kwa simu, nami nazirudisha zimejaa wino mwekundu. Jumamosi mchana, watoto wa jirani waje chini ya mwembe awafundishe hesabu. Jumapili asiguse kitabu cha shule hata kimoja, asome apendacho au alale.

Lililobaki lilikuwa shule. Baba yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, si kwa ugomvi bali kwa ombi, na nilimwambia avae kanzu yake ya Ijumaa. Alirudi na uso mkunjufu. Mtoto ameruhusiwa kukaa nyuma ya darasa na kitabu chake katika kipindi cha Hesabu, na kuingia maabara mwalimu wa Kemia anapokuwako. Jambo lililotaka kuvunja nyumba lilimalizwa kwa mazungumzo ya nusu saa.

Siku ya kuondoka, mtoto aliniomba nimwandikie kitu katika jalada la daftari. Nikamwandikia ubeti huu:

Mwendo wako ufahamu, usivunjike moyoni,
Na wenzio wahishimu, usiwaache njiani,
Na mlango wa elimu, uujue tangu ndani,
Elimu haina zamu, husomwa hata jikoni.

Alifanya mtihani wake mwaka 2024, na Septemba 2025 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi. Hesabu alipata A. Kiswahili alipata B, nami nimeukubali upungufu huo kuwa ni wa mwalimu.

Mitaala imebadilika tangu siku zile. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu yenye njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Kwa hiyo mlango wa kutokea sasa huchaguliwa mapema zaidi, na mzazi asiyeujua humpotezea mwanawe miaka.

Ewe mzazi mwenye mtoto mwepesi, wa Lamu ama wa Kamukuywa, usikimbilie ubao wala seremala. Ujue kwanza mlango uko wapi. Kisha kaa mkekani na mwanao, umwulize anataka nini. Sisi tulichelewa kutwa nzima, na jibu lilikuwa chumba cha pili.