Usipoziba Ufa: Kelele na Siri za Wagonjwa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii mdudu wala dawa. Tunazungumzia sauti: ile inayoingia nyumbani mwetu bila kualikwa, na ile inayotoka chumbani ikasikiwa na wasiohusika.

Kuna zahanati moja ya misheni tunayoifahamu vizuri. Ilikuwa na chumba kimoja cha ushauri nasaha, na humo watu walipewa majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, na akina mama walieleza yanayowasibu katika ndoa zao. Nje ya ukuta palikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri zamu. Ikatokea kwamba mama mmoja aliyekuwa ameanza dawa hakurudi kuchukua za mwezi uliofuata. Sista mhudumu alipomfuata nyumbani, mama yule alisema maneno machache tu: "Sista, yale tuliyoongea chumbani niliyakuta kisimani."

Hakuna mhudumu aliyetoa siri. Ukuta ndio uliotoa siri.

Masista walisikitika, wakaanza kazi. Waliomba trei za mayai sokoni, wakazigongomea ukutani kuanzia chini hadi juu. Wakaongeza pazia zito mlangoni. Kisha wakafanya jaribio: mmoja akakaa ndani akisoma gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine akakaa kwenye benchi. Alisikia neno kwa neno. Tutarudi kwao baadaye. Kwanza tujiulize kwa nini jambo hili lipo katika ukurasa wa afya.

KELELE NA MWILI WA BINADAMU

Wengi tunajua kwamba kelele kubwa huharibu masikio. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu ni kama desibeli 60. Kwa mfanyakazi, desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku ndicho kipimo kinachotumiwa na wengi kuwa mwanzo wa hatari. Na kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa kuvumilia unapungua kwa nusu. Mwenye mashine ya kusaga na fundi seremala wanahusika hapa.

Lakini hata kelele isiyotoboa masikio hudhuru. Mtu aliyelala huendelea kusikia. Moyo huenda mbio, usingizi hukatika hata asipoamka, na kwa miaka mingi shinikizo la damu na maradhi ya moyo hupata nafasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na darasani isizidi 35.

Watoto nao huumia kwa namna yao. Mwaka 1975 ilitolewa taarifa ya shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile, na kufikia darasa la sita walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mipira ya kupunguza mtetemo, na madarasa yakawekewa dari la kumeza sauti. Walipopimwa tena, tofauti ile haikuonekana. Vivyo hivyo, uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, ulipohamishwa mwaka 1992, watoto waliobaki karibu na uwanja wa zamani waliendelea vizuri zaidi katika kusoma na kukumbuka, na wale wa karibu na uwanja mpya wakarudi nyuma.

SAUTI HUPITA WAPI?

Sauti hupita kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: popote hewa inapopita, sauti nayo hupita. Ya pili ni mtetemo: sauti hugonga ukuta, ukuta hutikisika kidogo, na upande wa pili hewa hutikisika tena. Kitu kizito hutikisika kwa shida, chepesi hutikisika upesi. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili hupunguza sauti kwa desibeli 40 na zaidi. Mlango mwepesi wa plaiwudi ulio wazi katikati hupunguza kama 20 tu.

Nayo mianya ina hesabu ya kutisha. Ukuta hata uwe mnene namna gani, ukiwa na uwazi wa sehemu moja tu katika kila sehemu mia za eneo lake, hautaweza kupunguza sauti zaidi ya desibeli 20 hivi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sauti tunaweza kuongeza: hata ukijenga ukuta, usipoziba ufa umefanya kazi bure.

VISIVYOSAIDIA

Trei za mayai. Ni nyepesi mno kuzuia sauti, na hata mwangwi hupunguza kidogo tu. Watu huziona katika vyumba vya kurekodia kwaya wakadhani ndizo zinazofanya kazi.

Sponji na mazulia ya ukutani. Hivi humeza mwangwi, na kwa hiyo sauti ndani ya chumba husikika safi zaidi. Lakini kumeza mwangwi ni jambo moja, na kuzuia sauti isitoke ni jambo jingine. Sponji ya kawaida hupitisha hewa, na sauti nayo huipenya vilevile.

Mapazia. Hata yakiwa mazito, hupunguza kidogo sauti nyembamba, lakini ngoma na besi ya spika hupita kama kawaida.

Mstari mmoja wa miti. Miti ni mizuri kwa kivuli na kwa macho. Kupunguza kelele kwa miti kunahitaji msitu mnene wa makumi ya mita.

Pamba masikioni. Hupunguza kidogo sana. Fundi wa mashine avae vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

VINAVYOSAIDIA

1. Umbali. Kwa chanzo kimoja kilicho mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Hamisha benchi, kitanda au spika kabla hujanunua chochote.

2. Kuziba mianya. Chungulia chini ya mlango, pembeni mwa fremu, na pale nyaya za umeme zinapopenya. Ziba kwa lipu, au kwa ukanda wa mpira mlangoni. Madirisha ya luva hayafungi sawasawa. Dirisha la kioo kimoja kinachobana vizuri ni bora.

3. Kuendeleza ukuta hadi kwenye bati. Katika nyumba zetu nyingi ukuta wa ndani huishia usawa wa dari au chini yake. Sauti hupanda, huvuka juu ya ukuta, na kushukia chumba cha pili. Ndiyo maana mpangaji wa chumba cha kwanza anajua ugomvi wa chumba cha nne.

4. Uzito. Badili mlango mwepesi kwa mlango wa mbao nzito. Piga lipu ukuta ambao haujapigwa. Dari nalo hupunguza makelele ya mvua kwenye mabati.

5. Ukuta wa uani. Husaidia ukiwa mrefu kiasi cha kukufichia chanzo cha kelele. Ukiiona spika juu ya ukuta, utaisikia pia.

TAHADHARI TATU

Kwanza, hewa. Chumba kilichozibwa kila upande ni hatari. Mahali pa wagonjwa hewa inayopita huzuia kifua kikuu kuenea. Kwa hiyo dirisha lisizibwe, bali lielekezwe upande ambao watu hawakai. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Moshi wake usioonekana huua. Jenereta pia isifichwe ndani ya nyumba ili kuzima kelele yake. Ikae nje, mbali na madirisha.

Pili, moto. Usiku wa tarehe 27 Januari 2013, moto ulizuka katika ukumbi wa muziki uitwao Kiss, mjini Santa Maria, Brazil. Sponji iliyobandikwa darini kwa ajili ya sauti ilishika moto na kutoa moshi wenye sumu. Walikufa watu 242, wengi wao vijana. Basi tusibandike sponji za magodoro wala trei za karatasi katika vyumba vyenye mishumaa, vibatari au nyaya mbovu.

Tatu, ujirani. Dawa bora ya kelele ni kuipunguza inakotoka. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ni haki yetu kulalamika. Lakini tuanze kwa kubisha hodi kwa jirani na kuongea kwa upole. Nasi wa kanisani tusijione tumesalimika: spika za mkesha wetu zikielekezwa nje, huwaamsha wagonjwa na watoto wachanga wa jirani. Nabii Eliya alimtambua Mungu katika utulivu, si katika tetemeko.

MWISHO WA HABARI YA ZAHANATI

Fundi mmoja mzee aliitwa. Hakugusa ukuta. Aliomba ngazi, akafungua siling bodi moja, akamulika kwa tochi. Ukuta uliishia hapo hapo juu ya dari, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi pote. Dari lilikuwa jembamba kama ubao wa daftari.

Walipandisha ukuta kwa mistari michache ya matofali hadi ukagusa bati, wakapiga lipu. Mlango ulibadilishwa, chini yake ukawekwa ukanda wa mpira. Benchi lilihamishiwa chini ya mwembe, na redio ndogo ikawekwa hapo, sauti ya wastani, ili maneno machache yatakayopenya yafunikwe. Trei za mayai zilirudishwa sokoni.

Jaribio lilirudiwa kwa gazeti. Aliyekaa nje alisikia mnong'ono tu, bila neno.

Kisha Sista alimwendea yule mama, akamwomba aje aone kwa macho yake. Alikuja, akakaa nje huku Sista akiongea ndani, akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata alirudi na kadi yake ya dawa.

Msomaji mpendwa, leo jioni jaribu nyumbani kwako. Mmoja asome chumbani, mwingine akae sebuleni. Utakayoyasikia ndiyo watoto wako wanayoyasikia kila usiku.