Maana ya cha juu: Sehemu ya 2

Wiki iliyopita makala haya yalimwangalia dalali wa nyumba. Leo yanahamia sokoni Kariakoo, kwa winga.

Winga hana duka wala mzigo. Husimama nje ya maduka ya watu akiita wapita njia: "Karibu bosi, namba zote zipo!" Mteja akitaka viatu, winga anachomoa jozi ambayo mwenye duka anaiuza, tuseme, shilingi 25,000, naye anamtajia mteja 35,000. Mwenye duka yupo pale pale, anasikia, ananyamaza. Ile 10,000 inayozidi ndiyo cha juu. Mteja akikomaa hadi 27,000, winga ataambulia 2,000 ya chai.

Mwenye mali kapata bei yake kamili na mnunuzi kapatana kwa hiari, ingawa akija kuijua bei ya dukani lazima anune.

Hesabu inabadilika mnunuzi anapotumia fedha zisizo zake. Mtu wa manunuzi akimwambia fundi "andika laki tatu" kwa kazi ya laki mbili, risiti itatoka safi kabisa, na laki ya ziada ataitoa mwajiri asiyejua kuwa ipo. Cha juu hiki si kile cha winga, hata kama vinaitwa jina moja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma. Mgawo wa namna hiyo unaweza pia kumfikisha mtu kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, chini ya sheria ya rushwa ya 2007.

Mfano mkubwa ni ule wa rada. Mwaka 2001 Tanzania ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, takribani dola milioni 40. Takribani dola milioni 12.4 zilikwenda kwa kampuni za mtu wa kati, zikaandikwa kuwa malipo ya huduma za kiufundi. Karibu theluthi nzima! Desemba 2010 mahakama ya London iliipiga BAE faini ya pauni 500,000, na kosa ililokiri halikuwa rushwa bali kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Kampuni ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.